Maswali Yenu: Blanketi Moja, Mikono Tisa

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wanaoshona na kufuma kwa kundi: majirani, wafanyakazi wenza, marafiki wa msikitini au wa kanisani. Kila mmoja anamaliza kipande chake nyumbani, kisha siku ya kuunganisha vipande havikubaliani. Penye mambo mengi tumejibu kwa urefu, pengine tumepita haraka.

Miraba haitoshani

*Tuko tisa na tunamshonea mwenzetu anayeolewa blanketi la viraka vya vitenge. Kila mraba una viraka 9 vya sentimita 11.5, na tumeshona miraba 20. Viraka vyote vilikatwa na mtu mmoja, lakini tulipokutana mraba mmoja una sentimita 30.5, mwingine 31.5, mwingine 32.5. Je, tufumue? — Mama Z., Tanga*

Msifumue. Aliyekata hana kosa. Tofauti imeingia kwenye cherehani. Hesabu yenu ilikuwa kwamba kila mshono uache milimita 7.5 za nguo kati ya uzi na ukingo, kwa hiyo kiraka cha 11.5 kikishashonwa pande zote kibaki na sentimita 10. Wengi wetu hatupimi hizo milimita 7.5, tunafuata ukingo wa kiguu cha cherehani. Na viguu havilingani, hasa kati ya cherehani ya miguu ya zamani na hizi ndogo za umeme.

Anayeshona kwa sentimita 1 badala ya 0.75 amekosea milimita 2.5, ambazo kwa macho hazionekani. Lakini kila mshono una pande mbili, kwa hiyo anakula nusu sentimita, na mraba wa viraka vitatu kwa vitatu una mishono miwili ya ndani. Hapo imekwenda sentimita nzima. Anayeshona kwa nusu sentimita naye anaongeza nzima. Hizo ndizo 30.5 na 32.5 zenu, na aliyepata 31.5 ndiye aliyeshika kipimo.

Dawa ya kuiokoa kazi ni fremu. Nunueni yadi 2 za kitambaa cha pamba cha rangi moja iliyokoza: nili, nyeusi au kahawia. Fueni, pigeni pasi, mkate vipande vyembamba vya upana wa sentimita 5. Kila mraba uwekewe vipande viwili vya sentimita 33 kushoto na kulia. Pigeni pasi, kisha wekeni viwili vya sentimita 41 juu na chini, na ncha zinazozidi zikatwe. Sasa mraba mdogo kabisa umefika 37.5 na mkubwa 39.5. Kateni yote iwe 37 kamili kwa patani ya boksi gumu iliyochorwa mstari wa katikati kwa urefu na kwa upana, na mistari hiyo ikae juu ya katikati ya mraba wenyewe. Msipime kutoka ukingoni, kwani ukingo ndio uliowadanganya. Ikiisha kuunganishwa, fremu zitapishana kwa sentimita 1 tu, kati ya 2.25 na 3.25, na kwenye rangi iliyokoza hakuna mgeni wa harusi atakayeliona hilo. Blanketi litafika kama sentimita 142 kwa 177.

Siku nyingine, kabla mtu hajagusa kitambaa cha pamoja, kila mmoja afanye jaribio la vipande vitatu. Akate vipande vitatu vya 11.5 kwa 11.5, avishone kwa mstari, apige pasi, kisha apime kile cha kati. Kikiwa sentimita 10 kamili, cherehani yake imeruhusiwa. Kikiwa 9.8, asogeze kipimo karibu zaidi na sindano kidogo. Pale kwenye bamba la cherehani, milimita 7.5 kutoka sindano, bandikeni tabaka nne au tano za plasta ziwe kama ukuta mdogo wa kuegemeza ukingo wa kitambaa. Mshoneshaji hodari hushona kwa upana wa uzi mmoja au nyuzi mbili ndani ya hiyo 7.5, kwa sababu mkunjo wa mshono nao hula nguo kidogo.

Pasi nayo ina lawama zake. Iwekwe juu ya mshono, ishindiliwe, iinuliwe, haiburuzwi. Kuburuza kunavuta kitambaa, na kiraka kilichokatwa mshazari kitavutika hadi kigeuke umbo.

Mfano mkubwa wa kazi ya mikono mingi ni lile blanketi la kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI lililoanzia San Francisco. Lilipotandazwa Washington Oktoba 1987 lilikuwa na vipande 1,920 vilivyoshonwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana. Kila mmoja aliweka alichotaka: jinzi, barua, midoli, vifungo. Sharti lilikuwa kipimo, futi 3 kwa futi 6, na vipande vinane vinafanya mraba wa futi 12.

Kitambaa kiasi gani?

*Tunataka blanketi la miraba 20 kama hiyo ya viraka 9, bila fremu. Tununue yadi ngapi ili tugawane gharama sawasawa? — Wa Nakuru*

Miraba 4 kwa 5 ya sentimita 30 inatoa blanketi la 120 kwa 150. Kila mraba uwe na viraka 5 vya maua na 4 vya rangi moja, jumla 100 na 80. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115. Ukiondoa kingo za kiwandani unapata viraka 9 kwa mstari.

Viraka 100 ni mistari 12, yaani sentimita 138. Angalieni mtego: yadi moja na nusu ni sentimita 137. Nunueni 2. Viraka 80 ni mistari 9, sentimita 103.5, hapo yadi moja na robo inatosha.

Bitana iwe kubwa kuliko uso kwa sentimita 10 kila upande, yaani 140 kwa 170. Yadi 4 zinatoa vipande viwili vya urefu wa 170. Kimoja kibaki kizima, cha pili mkate upana wa sentimita 30 tu muunge ubavuni. Msiunge katikati, kwa sababu blanketi hukunjwa katikati kila siku na mshono ukikaa hapo ndipo unapoanza kuchakaa. Salio la kipande cha pili, lenye upana wa sentimita 80 hivi, ndilo la kukatia mkanda wa ukingoni: vipande vinne vya upana wa sentimita 6 na urefu wa 170 vinatosha kuzunguka sentimita 540 na kubakiza za kugeuzia pembe. Wengi hununua kitambaa kipya cha ukingo huku hiki kimekaa mezani.

Nyekundu imeingia kwenye nyeupe

*Tulichanganya kanga na bafta. Blanketi lilipofuliwa mara ya kwanza wekundu wa kanga ukatapakaa. Nimeambiwa niloweke kwa chumvi na siki. — Bi. H., Mombasa*

Chumvi na siki hazitakusaidia, Bi. H. Siki ina kazi yake kwenye sufu na hariri kwa rangi za aina fulani. Rangi ya kiwandani iliyochapwa kwenye pamba haishikwi na siki. Ile inayotoka ni ya ziada ambayo haikushika uzi tangu mwanzo, na kinachotakiwa ni kuitoa, si kuizuia.

Kama blanketi bado bichi, lisianikwe na lisipigwe pasi, maana likikauka doa linajikita. Tafuta beseni kubwa kabisa au pipa, weka maji mengi ya moto kadiri mkono wenye glavu unavyoweza kustahimili, na sabuni ya unga ya kawaida isiyo na dawa ya kung'arisha. Lizamishe lote, liwe linaelea kwa nafasi. Rangi inayotoka inahitaji maji mengi ya kwenda, la sivyo inarudi kwenye bafta. Liache hadi maji yapoe, mwaga, rudia. Mara tatu au nne, hata usiku kucha, mpaka maji yabaki meupe. Kama lilikwisha kukauka, jaribu hivyo hivyo, ila matumaini yapunguze.

Kabla ya kukata safari ijayo, kila kanga iloweshwe peke yake, kisha uibane kati ya kitambaa cheupe kilicholowa na pasi ya moto kwa sekunde kumi. Cheupe kikipata rangi, hiyo kanga irudi majini, na ikigoma mara tatu ishonewe aproni. Kufua kwanza kuna faida nyingine: kanga na kitenge hutoka dukani vikiwa na wanga, na vikifuliwa vinaweza kunywea. Kimoja kikinywea na cha jirani kisinywee, blanketi linakunjamana pale walipokutana.

Na kwa vile ni kanga, amueni mapema mnakata wapi. Viraka vya mji hutoa maua makubwa, vya pindo hutoa mistari mizuri ya kuzungushia. Jina lisikatwe katikati ya neno. Ama libaki zima kwenye kipande kirefu, ama liachwe nje. Jina lililokatwa vibaya huweza kusomeka vingine kabisa, na hapo zawadi inageuka mafumbo.

Cha katikati na mikunjo ya nyuma

*Tumeweka usufi katikati, umejikusanya pembeni baada ya kufua. Pia tukishona tabaka tatu kwa cherehani, nyuma inatoka mikunjo. — Kundi la marafiki, Kigamboni*

Usufi ni wa mito. Nyuzi zake ni laini na zinateleza, hazishikani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo ndani ya blanketi zinahama. Pamba ya kuchambua inashikana vizuri zaidi, lakini nayo inahitaji mishono ya karibu, isiyozidi sentimita 5 kutoka mstari hadi mstari. Sponji la makochi tusilitaje kabisa.

Kwa joto la Dar es Salaam kuna jibu rahisi: shuka kuukuu la pamba, au msiweke kitu. Tabaka mbili zinatosha. Wa Njombe au Limuru waweke blanketi jepesi la mtumba lililofuliwa kwa maji ya moto likanywea kila linachoweza kunywea.

Mikunjo ya nyuma ina sababu mbili kubwa, na zote hutokea kabla ya cherehani kuwashwa. Ya kwanza ni bitana iliyotandikwa ikalegea. Itandikeni sakafuni uso ukitazama chini, mbandike kingo zake kwa utepe wa karatasi wenye gundi kila baada ya sentimita 20, ikiwa imenyooka lakini haikuvutwa. Ikivutwa kama ngozi ya ngoma, mkibandua itarudi na kufanya mikunjo upya. Juu yake tandazeni cha katikati, kisha uso, mkilainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje.

Ya pili ni bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka. Piga bandi kwa uzi wa rangi inayoonekana, mishono ya sentimita 4 hivi, ukianzia katikati kabisa na kwenda kila upande kama miale ya jua, kisha ujaze gridi ya sentimita 10 hadi 12. Ukianzia pembeni, ile nguo ya ziada inasukumwa katikati na haina pa kutokea. Hapa ndipo kundi lina faida: watu wanne wamepiga magoti, kila mmoja na robo yake, wote wakitokea katikati. Pini zinatosha kwa kiraka cha mto. Kwa blanketi zinaanguka na kuchoma.

Kwenye cherehani nako anzeni katikati. Legeza mgandamizo wa kiguu, maana kikibana sana kinasukuma tabaka ya juu mbele huku meno yanavuta ya chini. Mshono uwe mrefu, milimita 3 hadi 3.5, sindano namba 90, au namba 100 kama cha katikati ni blanketi zito. Pale mishono minne inapokutana, zungusha gurudumu kwa mkono. Cherehani ikirushwa hapo kwa kasi inavunja sindano, na kipande cha sindano ndani ya blanketi la mtoto si mchezo.

Hatuna cherehani hata moja

*Tuko wanne tunaokutana Jumamosi alasiri. Tuna gunia la vipande vya kanga na vitenge vya kila ukubwa, sindano, na muda. Tunaweza kushona blanketi bila kupima pima? — Dada M., Kilifi*

Mnaweza, na walioisafisha njia hiyo ni ndugu zetu wa mbali. Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, ni watu wenye asili ya Afrika, na wengi wao mababu walifikishwa huko kupitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona blanketi liitwalo kawandi, kwa mkono mtupu, bila patani na bila kulinganisha viraka. Hapa kila tulichosema juu kuhusu kuanzia katikati kinapinduliwa: kawandi linaanzia ukingoni na kuishia katikati.

Sababu ya kutojikunja ni hii. Kwenye blanketi la miraba, uso mzima umekwisha kuunganishwa unapouweka juu ya bitana, na ziada yoyote imeshanaswa ndani. Kwenye kawandi hakuna uso mpaka ushone. Kila kiraka kinalazwa sindano ikishakikaribia, kinalainishwa kwa kiganja papo hapo, kikizidi kinakunjwa, kikipungua kinawekewa kingine.

Kwa bitana, kwao hutumika sari kuukuu. Kwenu kanga moja, ambayo ni kama sentimita 150 kwa 110, itafaa sana. Ikunjeni ukingo kwa ndani sentimita 1.5 pande zote, mpige pasi. Chagueni viraka vya sentimita 10 hadi 20, vyembamba na vipana, vya pamba tu. Kitambaa cha nailoni kinateleza na kitararuka mapema kuliko wenzake.

Anzeni kona moja. Kiraka cha kwanza kikunjwe pande mbili zinazotazama nje, kilazwe juu ya pindo la kanga, ukingo kwa ukingo. Pitisheni sindano juu chini, juu chini, mishono ya karibu nusu sentimita, ikishika tabaka zote. Mkikaribia mwisho wa kiraka, kinachofuata kikunjwe upande wake mmoja na kulazwa juu ya kile cha kwanza kwa sentimita 1.5. Hivyo hivyo mpaka mzunguke pande zote nne. Mzunguko wa pili unapita sentimita 1 ndani ya wa kwanza, wa tatu ndani ya wa pili, mistari ikienda sambamba na kingo hadi katikati. Kipande cha mwisho kikunjwe pande zote nne na kufunika tundu.

Kwa watu wanne, kila mmoja aanze kona yake na wote waelekee upande mmoja, yaani kila mtu anamfuata aliye mbele yake. Tatizo litakuja kwenye ile sentimita 1: wa kwanza anapima kwa ncha ya kidole chake chembamba, wa pili kwa kidole gumba. Chagueni kidole cha mtu mmoja, mkate kijiti cha upana huo kila mmoja awe nacho.

Uzi uwe wa pamba, mnene, mara mbili, na urefu wake usizidi sentimita 50. Mwenye haraka hukata uzi wa mita nzima ili asitunge tena, kisha muda wote anaupoteza akifungua mafundo. Kila mkifika mwisho wa uzi, tandazeni kazi sakafuni muipapase. Ikiinuka kama sahani, mnakaza uzi. Rudini mlegeze mishono ya mwisho kwa ncha ya sindano. Kastabini ivaliwe kidole cha kati, la sivyo Jumamosi ya pili hakuna atakayekuja.

Kwenye pembe nne Wasidi hutia phula, yaani ua: viraba vidogo vilivyokunjwa mara mbili kuwa pembetatu na kubanwa chini ya mzunguko wa kwanza, ncha ikitokeza nje. Kwao kawandi bila phula halijakwisha. Mraba wa sentimita 8 unatoa phula ya kutosha, ila kumbukeni kuziweka mwanzoni, kwa sababu mkizikumbuka mwisho mtalazimika kufumua pembe.

Tumefuma mbali mbali

*Tuko sita: wawili Muscat, watatu Zanzibar, mmoja Minneapolis. Tunafuma miraba ya kroshia kwa ajili ya mtoto wa mwenzetu. Tumefuata maelezo yale yale, lakini miraba ya mmoja wetu ni midogo karibu nusu. — Wa Muscat*

Karibu nusu haitokani na mkono mzito. Hapo mna lugha mbili. Maelezo ya Kiingereza cha Uingereza na ya Marekani yanatumia majina yale yale kwa vitu tofauti: "dabo" ya Mwingereza ni ile fupi ambayo Mmarekani huiita "singo", na "dabo" ya Mmarekani ni ile ndefu ambayo Mwingereza huiita "trebo". Mwenye miraba midogo amesoma kwa Kiingereza cha Uingereza. Muulizeni tu ni mara ngapi anazungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza: asipozungusha, anafuma fupi, akizungusha mara moja, yuko pamoja nanyi.

Tofauti za nusu sentimita ni za mkono, na zinatibika. Wote watumie uzi wa unene mmoja na sindano ya milimita 4, kisha kila mmoja afume mraba mmoja wa mizunguko 4 na kuupima kwa rula, si kwa picha ya simu. Mkikubaliana sentimita 12, aliyepata 11 apande sindano ya 4.5, aliyepata 13 ashuke hadi 3.5. Kubalianeni pia vitanzi vya kona, viwili au vitatu. Mmoja akiweka viwili na mwingine vitatu, kona hazitakutana hata miraba ikilingana.

Miraba 80, minane kwa kumi, ni sentimita 96 kwa 120. Pimeni mraba mmoja kwenye mizani ya jikoni, zidisheni kwa 80, ongezeni sehemu moja ya kumi ya kuungia na kuzungushia. Kila mmoja aache mkia wa sentimita 15, si 5. Kuunga kufanywe na mtu mmoja, hata kama wengine watanuna.

Uzi wa pamba au sufu unaweza kuloweshwa, ukabanwa kwa pini kwenye ubao uliochorwa mraba wa 12, ukakauka ukiwa na kipimo hicho. Uzi wa sweta wa akriliki usiguswe na pasi. Mvuke kutoka sentimita 3 juu unatosha. Pasi ikigusa, uzi unalegea kama tambi na haurudi tena.

Kupokezana kama mchezo

*Tuko wanane, kila mwezi sote tunamshonea mmoja mraba. Waliokwisha kupokea wameanza kuchelewesha. — J., Morogoro*

Huo ni upatu, na dawa zake ni za upatu. Wapangeni kwa kura, na mwenye historia ya kuchelewa akubali kupokea mwishoni. Aliyekwisha kupokea akijitoa, anadaiwa miraba iliyobaki au bei ya kitambaa na ujira wa fundi wa kuishona, na hilo liandikwe siku ya kwanza, si siku ya ugomvi.

Ucheleweshaji mwingine si ubaya wa moyo: mtu anakosa kitambaa kinachofanana na cha wenzake. Kwa hiyo mpokeaji wa mwezi ndiye atoe pakiti saba, kila moja ina kitambaa cha rangi moja kilichokwisha kufuliwa, kikatosha mraba mmoja na theluthi zaidi kwa ajili ya makosa, na kikaratasi chenye kipimo cha mraba ukiwa bado haujaungwa. Watu wengi huandika "sentimita 30" bila kusema kama ni kabla au baada ya kuunga, na hapo mnarudi kwenye barua ya Mama Z.

Kili hazilingani

*Sisi hatushoni viraka, tunasuka mikeka ya ukindu, kila mmoja ukili wake, yaani utepe mrefu uliosukwa. Tukishona, mkeka unakwenda upande. — Bi. S., Chake Chake*

Bi. S., hesabuni chane, yaani vile vipande vyembamba vya ukindu. Ukili hulingana pale wasukaji wote wanapotumia idadi moja ya chane na upana mmoja wa chane, kwa hiyo mmoja wenu achane ukindu wa wote, kama vile mtu mmoja anavyokata viraka. La pili ni unyevu. Anayesuka ukindu uliolowa sana hupata ukili mzuri siku hiyo, kisha unakauka na kupungua upana, wakati wa jirani yake aliyesuka mkavu haupungui. Lowesheni kidogo tu, mfunike kwa kitambaa kibichi mnaposuka, na kili zote zikae kivulini siku mbili tatu kabla ya kushonwa.

Wakati wa kushona, fungeni alama ya uzi kila dhiraa moja kwenye kila ukili, na alama zikutane. Mkeka huenda upande kwa sababu ukili mmoja unavutwa unaposhonwa na mwingine unaachwa ulegee. Alama zikianza kupishana kwa upana wa kidole, rudini nyuma mfumue dhiraa hiyo moja. Msingoje kufika kwenye taraza, ule ukingo wa kumalizia, kwa sababu taraza haiwezi kunyoosha mkeka. Inauonyesha tu ulivyopinda.